Shajara ya mradi wa Lugalo: vita havikupiganwa mnarani

Machi

Haya wadau, mmeniomba sana niwe naandika tulipofikia badala ya kujibu mmoja mmoja wasapu, basi nitaandika hapa kila nikipata nafasi, na msitegemee mpangilio maana naandika usiku baada ya kusahihisha madaftari.

Kwa wageni, huu ni mradi wa kulinda eneo la vita vya Lugalo, mashariki ya Iringa mjini ukiwa unaelekea Morogoro. Sisi ni walimu wachache, wanachuo wawili watatu, bodaboda mmoja anayeijua kila njia ya mbuzi upande ule, na mzee mstaafu wa idara ya ardhi ambaye ndiye anatuokoa tusiongee utumbo mbele ya watu. Ofisi hatuna. Gari hatuna.

Historia naipitia haraka, anayeijua arukie chini. Mwaka 1891 Emil von Zelewski, ambaye huku walimwita Nyundo, alitoka pwani kuja kuwatia adabu Wahehe maana Mtwa Mkwawa, yaani chifu wao, alikuwa hataki kusikia habari ya bendera ya Mjerumani. Alikuja na Wazungu 13, askari kama 320, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri na watu wa Msumbiji waliokuwa wanaitwa Wazulu, wapagazi zaidi ya 100, mizinga na bombomu (bunduki za rasharasha), na njiani alikuwa anachoma nyumba za watu tu. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti akaingia Lugalo, msafara umejipanga mmoja mmoja kwenye njia nyembamba, na Wahehe wapatao 3,000 wamelala vichakani na kwenye mawe na mikuki yao na bunduki chache. Masimulizi yanasema ishara ya kushambulia ilikuwa mlio mmoja wa bunduki, sasa afisa mmoja wa Kijerumani akaona ndege akampiga risasi, waliojificha wakajua ndiyo yenyewe, wakatoka. Zelewski alikuwa juu ya punda. Aliyemuua ni kijana wa miaka kama 16 na inasemekana alizawadiwa ng'ombe watatu. Askari wengi hawakuwahi kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili, Wazungu 10 wakafa pale pale na sehemu kubwa ya askari, na Wahehe wakaondoka na bunduki kama 300 na mizinga juu. Nao walizika wengi, hilo huwa tunalisahau tukishaanza kushangilia.

Kuanguka kwa ngome yake ya Kalenga 1894, kifo cha Mkwawa Mlambalasi 1898, fuvu lake kurudishwa 1954, hayo mnayajua na kuna makumbusho pale Kalenga, sirudii.

Ishu yetu ni hii: ukimuuliza mtu yeyote vita vilipiganwa wapi anakupeleka kwenye mnara. Mnara wenyewe waliujenga Wajerumani kuwakumbuka wafu wao, majina ni ya Wazungu. Yule kijana wa miaka 16 hayupo, askari wa Kisudani hayupo, mpagazi aliyekufa na mzigo kichwani ndio kabisa. Watu wanashuka, wanapiga selfi, wanaondoka, halafu wakubwa wakisema "tuhifadhi Lugalo" wanamaanisha kupaka rangi na kuweka uzio wa seng'enge kuzunguka hatua ishirini za nyasi. Lakini hebu fikiria, watu karibu 500 kwenye mstari mmoja, Wahehe 3,000 pembeni, hivyo vyote vikae ndani ya uzio ule? Eneo la vita ni lile bonde, ile miamba, vile vichaka, njia yenyewe ya msafara, na hivyo vyote leo ni mashamba ya watu.

Aprili, mvua

Mwezi huu ni kuchora ramani. Tumetumia simu tu, programu ya bure ya GPS, unatembea inakuchorea mstari. Tulianza na wazee. Ukifika unasalimia "kamwene", unajibiwa "kamwene", unakaa, hukimbilii kuuliza, unaongelea mahindi kwanza na mbolea ilivyopanda bei. Ukimuuliza mzee moja kwa moja "Zelewski alifia wapi" atakuonyesha mnara kama wengine. Ukimuuliza babu yako alikuwa anapita wapi kwenda mtoni, wapi palikuwa hapachungwi ng'ombe, wapi mlikatazwa kucheza mkiwa wadogo na kwa nini, hapo ndipo stori zinatoka, na nyingine zinaangukia sehemu ambazo sisi tusingewaza.

Mfano kilima cha Tettenborn. Huyu alikuwa luteni, alikuwa nyuma ya msafara, mbele kulipovurugika akakimbilia kilimani na waliobaki, akapandisha bendera ili waliotawanyika wamuone wamfuate, akakaa pale mpaka jioni wakati nyasi za chini zimewashwa moto na majeruhi wamo humo humo. Sasa wazee wetu wanaonyesha vilima viwili tofauti na kila upande una hoja zake. Mzee wa ardhi akasema chora vyote viwili, usiwe hakimu, kazi ya ramani sasa hivi ni kuonyesha wapi pasiguswe mpaka wataalamu waje, siyo kutoa hukumu. Nimempenda kwa hilo.

Tulivyounganisha mistari yote ikatoka eneo refu jembamba kama mkanda, linafuata njia ya zamani na kupanuka kwenye miamba. Barabara kuu inapita humo. Kuna kitu kilichekesha hapa: hifadhi ya barabara, zile mita 30 kila upande, ndiyo sehemu pekee ambayo tayari haijengwi kitu cha kudumu, kwa hiyo aliyeweka X nyekundu ya kubomoa kwenye vibanda vya watu ametulindia kipande cha vita bila kujijua. Vibanda vyenyewe vimerudi lakini ni vya miti, matenga ya nyanya yanapangwa pale pale kama kawaida.

Mei

Hasira.

Tumekuta mashimo mapya. Mawili karibu na mnara na moja kwenye miamba, lile la miamba ni la kina cha mtu mzima, limechimbwa kwa sururu na limenyooka kama la choo, udongo umerushwa pembeni na humo kwenye udongo kuna vigae vya chungu vimekatwa na jembe, mkato bado mweupe. Hawakuwa na haja na vigae. Walikuwa wanatafuta hela za Mjerumani.

Wanaokaa mbali hawalijui hili kwa hiyo nieleze. Nchi hii kuna imani kwamba popote Mjerumani alipojenga mnara, kanisa, boma, ngome, chini amefukia rupia au dhahabu na akirudi na ramani yake atazifukua, na kuna watu wazima wenye familia wanaouza ng'ombe walipe mganga na mtu mwenye kipimo cha kutambua chuma ili wakachimbe usiku. Sasa waza kidogo, msafara umevamiwa asubuhi, kamanda ameuawa juu ya punda, hao waliobaki wanakimbia roho mkononi, nani kati yao alipata muda wa kuchimba shimo afukie dhahabu? Na kilichokuwepo Wahehe walishachukua! Nimewaambia hivyo vijana wa kijiweni, mmoja akanijibu "mwalimu, wewe ungekuwa unajua zilipo ungetuambia?" nikakosa la kusema.

Ubaya wa shimo siyo kwamba wataondoka na kitu. Ganda la risasi lililokaa ardhini pale lilipodondokea linakwambia mtu alisimama hapa na akafyatua upande huu, ukiyapata kumi kwenye mstari umeona askari walivyojaribu kujipanga, ukiyapata mawili tu umeelewa walivyozidiwa. Likishatolewa likawekwa mfukoni ni chuma chakavu, shilingi mia tano kwa mnunuzi wa skrepa.

Tumefukia mashimo na vijana wa kitongoji, tumepiga picha kwanza na kuweka alama kwenye ramani. Taarifa tumepeleka kwenye ofisi husika, tumeambiwa tuandike barua, tukaandika, tukaambiwa aliyetakiwa kuisaini yuko semina. Sawa.

Mei, mwishoni

Kipande cha sheria, wasiopenda sheria wavumilie maana ndiyo moyo wa mradi.

Watu wengi wanadhani eneo la vita linalindwa lenyewe kwa sababu ni la kale. Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Lugalo ni 1891. Yaani tumechelewa miaka 28. Cha baada ya 1863 kinahitaji waziri akitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na ili akitangaze lazima kuwe na eneo lenye mipaka inayoeleweka, siyo "pale mnarani na maeneo ya jirani".

Rafiki yetu mmoja aliyeko Marekani anatutumia habari za American Battlefield Trust, wale wameshalinda zaidi ya ekari 50,000 za viwanja vya vita vyao vya uhuru, vya 1812 na vya wenyewe kwa wenyewe. Wanachofanya ni kununua shamba kwa mwenye nalo, au wanamwachia shamba lake lakini wanaingia naye masharti ya kutojenga, yanasajiliwa na yanamfunga hata atakayekuja kulinunua baadaye. Ni mpango mzuri sana na mimi naupenda ila huku haubebeki ulivyo, maana ardhi yetu yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na ya kijiji inasimamiwa na kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hata tungepata mfadhili wa kumwaga hela, tungenunua nini na kwa nani?

Ila hiyo hiyo sheria ina mlango ambao nauona bora kuliko kununua. Kijiji kikitengeneza mpango wa matumizi bora ya ardhi, kinatenga hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa hifadhi, mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha, na unaweza kuuwekea sheria ndogo na faini zake. Kwa hiyo anayekulinda siyo mlinzi wa kuajiriwa kutoka mjini, ni majirani walionyoosha mkono. Tukakubaliana njia ni hii, na tangazo la waziri likija litakuta mipaka ipo tayari.

Juni

Mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya mwembe, watu wengi kuliko tulivyotegemea kwa sababu tetesi zilishatembea kwamba kuna walimu wanataka kuchukua mashamba wawape Wajerumani. Sitanii.

Mwenyekiti akafungua, mtendaji akasoma ajenda, sisi tukaeleza, na kabla hatujamaliza akasimama mzee mmoja ambaye shamba lake la nyanya liko katikati kabisa ya ule mkanda wetu. Akasema taratibu, "Kijana wangu, babu yangu alipigana hapa ili Mjerumani asimchukulie ardhi. Sasa mjukuu wake mnamchukulia ardhi ili mkumbuke kwamba babu yangu alipigana." Watu walicheka na kupiga makofi na mimi nilibaki nimeshika ramani yangu kama mpiga debe aliyeachwa na basi.

Na hoja yake ni ya kweli kabisa, ndiyo maana nimeiandika yote.

Aliyenyanyuka kumjibu ni mama mmoja wa kamati ya ardhi, hakuwa upande wetu wala upande wake. Akauliza: shida ya hawa walimu ni jembe au ni nini? Tukasema mama, jembe siyo shida, nyanya mizizi yake haifiki mbali na shamba hilo limelimwa miaka yote. Shida ni trekta la kupindua ardhi chini sana, kufyatua matofali, kupasua miamba kwa ajili ya kokoto, na nyumba ya msingi. Akageuka, "Mzee, wewe unafyatua matofali pale?" Mzee akasema hapana, ila kuna vijana wanakuja kuchukua udongo wake upande wa chini bila ruhusa na kokoto wanagonga wale wale, na amelalamika kitongojini hajasikilizwa. Basi hewa ikabadilika. Kumbe mtu tuliyekuwa tunamwogopa ndiye ana kesi moja na sisi.

Baada ya kubishana sana, mpaka jua limehama na watu wamehama nalo, yakapita haya: ndani ya mkanda kilimo cha jembe kinaendelea na haki ya mtu juu ya shamba lake haiguswi, matofali na kokoto marufuku, nyumba mpya za kudumu marufuku, kuchimba hela za Mjerumani marufuku na faini itaandikwa kwenye sheria ndogo. Mipaka itapandwa minyaa badala ya nguzo za zege, kwa sababu minyaa haiibiwi, haihitaji bajeti na kila mtu akiiona anajua ni mpaka.

Ambalo halikupita ni la kiingilio. Kijiji kinataka wageni wakianza kulipa, sehemu ibaki kijijini, na wanataka iandikwe kabisa. Mimi naona wana haki asilimia mia, maana huwezi kumwambia mtu asipasue kokoto zinazompa hela ya ada halafu hela ya mtalii ipite juu ya kichwa chake kwenda mbali. Wenzangu wawili wanaona tukilisukuma sasa tutagombana na wenye mamlaka kabla tangazo halijatoka. Tumeliacha wazi kwenye muhtasari.

Julai

Upande wa elimu, na hii ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa limeingia kwenye mtaala na Mkwawa yumo, ila watoto wanamjua kama sura kwenye bango. Tulitaka wakanyage pale. Tukachukua darasa la tano na la sita la shule ya jirani, kibali cha mwalimu mkuu na wazazi, tukawapanga kwenye njia ya zamani mmoja mmoja, hatua mbili mbili kati ya mtu na mtu, kila wa pili ana kuni kichwani kuwa mpagazi. Wa mbele kabisa ndiye Zelewski, punda tulimkosa akapewa mwenzake wa kumbeba mgongoni.

Wakaanza kutembea. Njia inakunja kufuata mawe, ikafika mahali mtoto wa mbele hamuoni wa nyuma kabisa. Nikapuliza filimbi mbele. Katikati wakageuka, nyuma wakaendelea kuja wanapiga soga. Wakagongana. Kuni chini. Sasa hapo wenzao wa darasa la saba tuliokuwa tumewaficha vichakani wakatoka wanapiga kelele, na hao wa kwenye mstari hakuna hata mmoja aliyejua aelekee upande gani, wengine walikimbilia kwa mwalimu wa hesabu.

Tukawakalisha kwenye kivuli. Nikauliza kwa nini Zelewski alishindwa na ana mizinga? Jana yake darasani jibu lilikuwa "kwa sababu Mkwawa alikuwa shujaa". Leo binti mmoja akasema, "Mwalimu, wa nyuma hawakujua kama vita vimeanza." Mwingine akasema mzinga ulikuwa umebebwa kichwani, mpaka uushushe umeshachomwa mkuki. Kisha wakapiga hesabu wenyewe, watu karibu 500, mita mbili kila mmoja, mstari ni kama kilometa nzima! Mvulana mmoja akaangalia kule ulipo mnara, akauliza mbona uzio ni mdogo hivyo.

Sikumfundisha aulize. Naapa.

Tukawapa na kazi ya nyumbani: kila mmoja akamuulize mtu mzima wa ukoo wake anajua jina gani la mtu aliyekuwepo Lugalo, upande wowote. Majina yameanza kuja, machache, mengine yanagongana, tunayaandika na jina la ukoo ulioyatoa bila kuyahakiki kwanza. Nia ni yafike mahali, iwe kibao au ukuta au chochote, yakae karibu na yale ya Wazungu. Isandlwana kule Afrika Kusini Wazulu waliwashinda Waingereza Januari 1879 na kwa muda mrefu kumbukumbu zilizosimama pale zilikuwa za Waingereza, ya mashujaa wa Kizulu imewekwa 1999. Miaka 120! Sisi tumeshaipita hiyo na hatuna hata kibao cha bati.

Agosti, baada ya tarehe 17

Kumbukumbu ilikuwa ndogo. Wazee waliongea, watoto wakarudia igizo lao (sasa tulipata punda, akagoma kutembea, ikawa burudani peke yake), na wageni kadhaa waliotoka mjini walizungushwa na wanafunzi wa darasa la sita kama waongozaji. Tunawafundisha hao watoto wasimalizie mnarani bali waanzie mnarani, wageni washuke bondeni, wapande miamba, ndipo wapelekwe Boma la Iringa na Kalenga kama wana siku nzima. Mgeni mmoja alilalamika viatu vyake vimeingia tope. Ni uwanja wa vita, dada yangu.

Minyaa tumepanda upande wa juu wote. Upande wa chini mbuzi wamekula vipande, tutarudia mvua zikianza. Yule mzee wa nyanya ametupa eneo la kupumzikia wanafunzi chini ya mti wake na ameanza kuwauzia wageni nyanya kwa bei ambayo mimi nisingenunua, na wananunua.

Vijana wa kokoto ndio mzigo uliobaki. Wawili wamekubali kuhamia kwenye miamba ya nje ya mkanda, tumeenda nao tukawaonyesha, ila kule lori halifiki karibu kwa hiyo wanapunjwa bei. Mmoja amegoma kabisa na amesema wazi sheria ndogo ikija aje huyo mgambo mwenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji anaongea naye, ni mpwa wake.

Septemba

Mpango wa matumizi ya ardhi umepita ngazi ya kijiji, muhtasari una mihuri, umeenda wilayani kwa ajili ya kuhakikiwa pamoja na sheria ndogo. Ramani yetu ya simu mpima amesema haitoshi kisheria, lazima apite na vifaa vyake, na hapo tunatakiwa tuchange posho na mafuta. Namba ya mweka hazina iko kwenye grupu, msiitume nje ya grupu tafadhali, matapeli wamejaa.

Kwenye la kiingilio wale wenzangu wawili wamelainika baada ya kukaa na wanakijiji, tunaandika barua moja, kijiji kikiwa mwandishi na sisi tukiwa chini kama mashahidi. Ikishasainiwa nitaipandisha hapa muisome. Na kama kuna mtu ana ndugu anayejua kusoma Kijerumani cha zamani, yale maandishi ya mkono yenye herufi zilizolala, aniinboksi, kuna picha za ripoti ya 1891 tumetumiwa na tumekwama kwenye ukurasa ambao nahisi unataja wapagazi.

Shimo jipya moja karibu na mnara, wiki iliyopita. Tumeshalifukia.